Enoch Sontonga: Mwalimu Aliyetunga Sauti ya Wimbo wa Taifa

Mtahiniwa, tangu uanze darasa la kwanza umeimba Wimbo wa Taifa mara nyingi kiasi kwamba huwezi kuzihesabu. Ikiwa unasoma Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, unajua ilivyo asubuhi mstarini. Umande bado uko kwenye majani, mwalimu wa zamu anaamuru mguu sawa, kiranja anavuta kamba ya mlingoti, na bendera inapanda huku mkiimba. Mwanafunzi aliyechelewa husimama palepale getini mpaka wimbo uishe.

Sasa jiulize: aliyetunga sauti hiyo ni nani? Wengi hujibu kuwa ni Mtanzania, au huacha nafasi wazi kwenye karatasi ya mtihani. Mtunzi alikuwa mwalimu kijana wa Afrika Kusini, Enoch Mankayi Sontonga. Hakuwahi kufika Tanganyika, hakuona nchi yoyote ya Kiafrika ikipokea uhuru wakati wake, wala hakutajirika kwa wimbo wake. Soma maisha yake kwa makini. Ukiyaelewa, utaweza kueleza kwa nini tunausimamia wimbo huu, na jibu lako halitaishia kwenye kukariri taratibu.

KUZALIWA NA MASOMO

Sontonga alizaliwa karibu mwaka 1873 katika eneo la Uitenhage, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha wamisionari kilichowaelimisha Waafrika wengi waliokuja kuwa viongozi, waandishi na wachungaji.

Baada ya masomo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Kumbuka kwamba dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika eneo hilo mwaka 1886. Kwa miaka michache tu palikuwa pamejaa watu waliotoka kila upande kutafuta kazi migodini. Waafrika walichimba dhahabu iliyowatajirisha wengine, huku wao wakiishi kwenye makazi duni na wakibanwa na sheria za pasi. Watoto wa watu hao ndio waliokuwa wanafunzi wa Sontonga.

MWALIMU, MWANAKWAYA NA MPIGA PICHA

Kazi ya Sontonga haikuishia darasani. Aliongoza kwaya ya shule, alihubiri, na alikuwa mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, nao wakajaliwa mtoto wa kiume.

Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika katika daftari la kawaida kwa noti za solfa, yaani do, re, mi, ambazo wanakwaya wa makanisa yetu wanazitumia hadi leo. Hakuwa na mchapishaji wala fedha za kuchapisha. Daftari lilikuwa ndiyo hazina yake yote.

KUTUNGWA KWA WIMBO

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka ipatayo 24, Sontonga alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Alitunga sauti pamoja na ubeti wa kwanza na kiitikio kwa Kixhosa. Wimbo huo ni sala ya kumwomba Mungu aibariki Afrika. Zingatia jambo hili kwa sababu hutokea kwenye maswali: Sontonga hakuiombea nchi moja wala kabila lake pekee. Aliliombea bara zima, katika wakati ambao mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuligawana baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885.

Wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji wa Kimethodisti. Viongozi wa kwaya nyingine waliusikia wakaupenda. Walianza kumfuata Sontonga kuliazima daftari lake ili wanakili, naye akawa anawaazima.

KIFO NA DAFTARI LILILOPOTEA

Sontonga alifariki dunia tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka ipatayo 32. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, sehemu waliyotengewa Wakristo Waafrika. Baada ya kifo chake daftari liliendelea kuazimwa, likapita mikononi mwa watu wengi, na mwishowe likapotea pamoja na nyimbo nyingine alizozitunga.

Mtahiniwa, tafakari hapo kidogo. Mtu huyu aliondoka duniani bila kitabu kilichochapishwa na bila cheo. Kilichobaki kilibaki kwa sababu watu walikishika kichwani na kukiimba.

WIMBO UNASAFIRI

Baada ya 1905 wimbo ulienezwa na wengine. Yashike majina na miaka ifuatayo.

Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliuimba katika matamasha na kuufanya ujulikane. Tarehe 8 Januari 1912 chama kilichokuja kuitwa African National Congress, yaani ANC, kilianzishwa mjini Bloemfontein, na Dube akawa rais wake wa kwanza. Wimbo wa Sontonga uliimbwa katika mkutano huo. Mwaka 1923 Solomon Plaatje, katibu wa kwanza wa chama hicho, aliurekodi kwenye santuri mjini London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya kuwa wimbo wake wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi alichapisha beti saba alizoziongeza kwenye ule wa Sontonga.

Kwa nini watu waliokutana kwa shughuli za siasa waliimba sala? Angalia mazingira yao. Muungano wa Afrika Kusini ulioundwa mwaka 1910 uliwaacha Waafrika wengi bila sauti serikalini, na Sheria ya Ardhi ya 1913 ikawazuia kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi yao wenyewe. Bunge lilikuwa limefungwa kwao. Wimbo ulikuwa mahali ambapo wangeweza kujiita watu wa bara moja bila kuomba kibali cha mtu.

KISAKI, 1916: BENDERA MBILI ZA WAGENI

Sasa turudi nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Kisaki ilikuwa chini ya bendera ya Wajerumani. Morogoro ilipotekwa mwezi Agosti 1916, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kuizunguka milima ya Uluguru hadi Kisaki. Mwezi Septemba askari wa farasi kutoka Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walilishambulia jeshi hilo hapo Kisaki wakarudishwa nyuma. Baadaye Wajerumani walihamia ng'ambo ya mto Mgeta, na mapigano yakaendelea kuelekea Rufiji. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, Frederick Selous, aliuawa Beho Beho, kusini mwa Kisaki.

Askari wale wa farasi walikuwa Wazungu, na walitoka katika nchi ya Sontonga. Walikuja na bendera ya Uingereza, bendera ya dola ambayo chini yake ndugu zake Sontonga walinyimwa ardhi na kura. Wenyeji wa Kisaki na vijiji vya jirani walichukuliwa kuwa wapagazi au askari, walinyang'anywa chakula, na walipata njaa na magonjwa. Katika Afrika Mashariki yote wapagazi walikufa kwa maelfu mengi. Hakuna aliyewauliza kama waliitaka bendera hii au ile.

Tumia mfano huu unapojibu swali kuhusu umuhimu wa bendera ya taifa. Babu wa babu zetu walilazimishwa kuzibebea mizigo bendera mbili zisizokuwa zao. Bendera tunayoipandisha leo ni ile ambayo wananchi waliipata kwa kudai uhuru.

WIMBO UNAFIKA TANGANYIKA

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Usiku huo bendera ya Uingereza ilishushwa jijini Dar es Salaam na bendera ya Tanganyika ikapandishwa, huku Luteni Alexander Nyirenda akiisimika bendera hiyo na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha mlima Kilimanjaro. Wimbo wa taifa uliochaguliwa ulitumia sauti ya Sontonga kwa maneno ya Kiswahili, nao ni Mungu Ibariki Afrika. Una beti mbili: wa kwanza unaliombea bara lote, wa pili unaiombea nchi yetu. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, jina la Tanzania likachukua nafasi ya Tanganyika katika ubeti wa pili.

Angalia mpangilio wa beti hizo. Tunaiombea Afrika kwanza, kisha Tanzania. Huo ndio urithi tulioupata kwa Sontonga.

Zambia nayo ilichukua sauti hiyohiyo mwaka 1964 ikaiwekea maneno mengine. Zimbabwe ilitumia tafsiri ya wimbo huu tangu 1980 hadi 1994. Ukipanda treni ya TAZARA katika stesheni ya Kisaki ukaenda mpaka mwisho wa reli, utashuka Kapiri Mposhi, Zambia. Huko utawakuta wanafunzi wakiimba maneno usiyoyajua kwa sauti unayoijua tangu utotoni.

MOROGORO INAWAPOKEA WENYE WIMBO

Mkoa wa Morogoro una sehemu yake katika habari hii. ANC ilipopigwa marufuku nyumbani mwaka 1960, wanachama wake wengi walikimbilia nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. Mwaka 1969 chama hicho kilifanya mkutano wake mkubwa mjini Morogoro. Mwaka 1978 shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini ilianzishwa Mazimbu, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Hivyo kwa miaka mingi wimbo wa Sontonga uliimbwa na watu wa namna mbili katika mkoa mmoja. Watanzania waliuimba wakiwa huru. Wakimbizi waliuimba wakiwa mbali na kwao, ambako kuuimba hadharani kulikuwa kujiweka hatarini. Wapo waliofia ugenini na kuzikwa hapohapo Mazimbu kabla ya kuona siku ya uhuru.

KABURI LAPATIKANA

Mwaka 1994 ubaguzi wa rangi uliisha kisheria Afrika Kusini, na wimbo wa Sontonga ukawa mmoja wa nyimbo mbili za taifa. Mwaka 1997 nyimbo hizo ziliunganishwa kuwa wimbo mmoja.

Ndipo serikali ilipotaka kumpa heshima mtunzi, lakini kaburi lake halikujulikana lilipo. Sehemu aliyozikwa ilikuwa haina alama tena. Watafutaji walihangaika kwenye kumbukumbu za makaburi wakitafuta jina la Sontonga bila mafanikio, kwa sababu alikuwa ameandikwa kwa jina lake la kwanza, Enoch. Walipogundua hilo waliweza kulibaini eneo la kaburi. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo, na Sontonga akatunukiwa nishani ya taifa, miaka 91 baada ya kifo chake.

KUUHESHIMU WIMBO NA BENDERA

Baada ya kuyajua maisha haya, taratibu zifuatazo zitakuwa rahisi kukumbuka kwa sababu utajua zinamheshimu nani na nini.

1. Wimbo wa Taifa unapoimbwa au kupigwa, simama wima, mikono ikiwa imenyooshwa ubavuni. Usitembee, usizungumze, usitafune kitu wala kushika simu.

2. Raia wa kiume avue kofia. Askari na wengine waliovaa sare za vikosi hupiga saluti kwa mujibu wa kanuni zao.

3. Imba kwa sauti ya staha na kwa maneno sahihi. Usibadili maneno kwa mzaha, wala usiugeuze kuwa wimbo wa kuchezea ngoma.

4. Bendera hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Ukipita karibu na kituo cha polisi au ofisi ya serikali wakati huo, simama mpaka shughuli iishe. Mwendesha baiskeli ashuke.

5. Bendera isiguse ardhi, isitumike kama kitambaa cha kufutia au kufunikia vitu, na isipandishwe ikiwa imechanika au kufifia rangi.

6. Wakati wa maombolezo ya kitaifa bendera hupepea nusu mlingoti. Kwanza hupandishwa hadi juu, kisha huteremshwa hadi nusu.

7. Muheshimu na asiyeimba kwa sababu ya imani yake, mradi hausumbui utulivu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa ushindi wanafunzi Mashahidi wa Yehova wa Mkoa wa Mbeya walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba Wimbo wa Taifa. Heshima ya kweli haipatikani kwa kiboko.

Kuhusu rangi za bendera, kijani ni ardhi na uoto wake, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, na buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Mkanda mweusi wenye kingo za dhahabu hupanda kutoka pembe ya chini upande wa mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili. Pembetatu ya kijani iko juu upande wa mlingoti, na ya buluu iko chini upande wa pili.

MAKOSA YA KUEPUKA KWENYE MTIHANI

Usiandike kwamba Sontonga alitunga maneno ya Kiswahili ya wimbo wetu. Yeye alitunga sauti, pamoja na ubeti wa kwanza na kiitikio kwa Kixhosa.

Usiandike kwamba alitunga beti zote za wimbo wa Kixhosa. Beti saba ni za Mqhayi.

Usichanganye bendera ya Tanganyika ya 1961, yenye milia ya kulala ya kijani, nyeusi na kijani iliyotenganishwa na dhahabu, na bendera ya Jamhuri ya Muungano ya 1964. Buluu iliingia kutoka bendera ya Zanzibar.

Usiandike njano mahali pa dhahabu. Kosa hilo dogo huwapotezea alama watahiniwa wengi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mwaka ambao Sontonga alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, na ueleze hali ya Waafrika wa Johannesburg wakati huo.

2. Fafanua mchango wa watu watatu walioueneza au kuuendeleza wimbo huo baada ya 1905.

3. Kwa nini ilikuwa vigumu kulipata kaburi la Sontonga? Tukio hilo linakufundisha nini kuhusu utunzaji wa kumbukumbu?

4. Kwa kutumia historia ya Kisaki mwaka 1916, eleza tofauti kati ya bendera ya mtawala mgeni na bendera ya taifa huru.

5. Mkoa wa Morogoro ulichangiaje harakati za ukombozi wa Afrika Kusini? Toa hoja mbili.

6. Andika insha isiyozidi maneno 300 kuhusu namna mwanafunzi anavyoweza kuonyesha heshima kwa Wimbo wa Taifa na bendera, na kwa wenzake ambao hawaimbi kwa sababu ya imani yao.

Katika swali la 4 na la 6, mtahini huwa anatafuta sababu pamoja na mfano. Mtahiniwa anayeorodhesha taratibu peke yake hupata alama chache. Anayeeleza taratibu hizo zimetoka wapi hupata zaidi.

Kesho asubuhi utakapoamriwa mguu sawa, mkumbuke mwalimu aliyekuwa na kwaya ya watoto na daftari moja. Wakumbuke na wapagazi wa bonde la Mgeta ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kisha simama wima, uimbe.